Bondia wa dhahabu mbili kwenye kiti cha kamisheni

Swali: Shikamoo. Babu yangu aliniachia albamu ya stempu, na ndani yake kuna stempu ya Marekani ya senti 25, ya mwaka 1990, yenye sura na jina la Eddie Eagan. Nimeambiwa alishinda dhahabu ya Olimpiki kwenye ngumi, akashinda nyingine kwenye mchezo wa barafuni, halafu akaja kuwa mkubwa wa ngumi New York. Ni kweli mtu mmoja alifanya yote hayo? Na alipokalia kiti, alikuwa kiongozi mzuri kama alivyokuwa mwanamichezo? Nauliza kwa sababu kwenye chama chetu cha ngumi watu wamegawanyika. Wengine wanataka mwenyekiti awe bondia wa zamani, wengine wanasema kupigana na kuongoza ni vitu viwili.

Jibu: Marahaba. Ni kweli, yote matatu. Edward Eagan ndiye mtu pekee hadi leo aliyeshinda dhahabu katika Olimpiki za majira ya joto na za majira ya baridi kwa michezo miwili tofauti. Nakazia hayo maneno ya mwisho kwa kuwa mabishano mengi huanzia hapo. Gillis Grafström wa Sweden naye ana dhahabu za pande zote mbili, ila zote ni za mchezo uleule wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu, ambao mwaka 1920 ulichezwa ndani ya Olimpiki za majira ya joto kwa sababu za baridi zilikuwa hazijaanzishwa. Jacob Tullin Thams wa Norwei alishinda dhahabu ya kuruka kwa skii mwaka 1924, akapata medali ya fedha ya mbio za mashua mwaka 1936. Christa Luding wa Ujerumani Mashariki alipata medali za mbio za barafuni kule Calgary mwaka 1988, na mwaka huohuo akapata fedha ya baiskeli kule Seoul, jambo ambalo kwa ratiba ya sasa haliwezi kurudiwa, maana Olimpiki hizo mbili hazifanyiki tena mwaka mmoja. Wote ni majabali. Lakini dhahabu kwa dhahabu, mchezo mmoja hapa na mwingine kule, yuko Eagan peke yake.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike kirefu. Nimekaa kando ya ulingo zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa jaji, kisha mwamuzi wa ngumi za ridhaa, na huyu bwana nimemfikiria zaidi kwa miaka yake ya ofisini kuliko kwa medali zake.

Alizaliwa Denver, Colorado, Aprili 1897. Baba yake alikufa kwenye ajali ya reli Eddie akiwa bado mtoto mchanga, na mama akawalea watoto kwa kufundisha lugha za kigeni. Enzi zile vijana wa Marekani walikuwa wanasoma vitabu vya hadithi vya bei ya chee, na shujaa mmoja maarufu wa vitabu hivyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, hodari wa kila mchezo, hanywi pombe, havuti, wala hamwibii mpinzani hata pointi moja. Eagan alivisoma akaviamini. Wenzake walikua wakaviacha, yeye akaamua kuishi kama yule kijana wa kwenye kitabu. Akaenda Yale kweli, na pombe na tumbaku akaviweka mbali. Tafadhali lishike hilo, maana linaeleza ushindi wake, na kwa maoni yangu linaeleza pia kwa nini kiti cha New York kilimlemea.

Elimu yake peke yake ingetosha kumpa mtu jina. Alianzia Chuo Kikuu cha Denver, akaingia jeshini kwenye Vita Kuu ya Kwanza akiwa luteni wa kikosi cha mizinga, kisha Yale, kisha sheria Harvard, kisha Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Na katikati ya hayo yote alikuwa anapigana. Mwaka 1919 alikuwa bingwa wa ridhaa wa Marekani wa uzito wa juu, na mwaka huohuo akachukua ubingwa wa uzito wa kati kwenye mashindano ya majeshi ya mataifa washirika mjini Paris. Mtu wa ngumi akisoma hapo lazima asimame kidogo: uzito wa juu na uzito wa kati, mwaka mmoja. Alikuwa mtu wa uzito wa katikati aliyekuwa tayari kupanda na kushuka kumfuata mpinzani alipo.

Mwaka 1920 akaenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye Olimpiki zilizopeperusha kwa mara ya kwanza bendera ya pete tano na ambako wanamichezo walikula kiapo kwa mara ya kwanza. Alishindana uzito wa chini kidogo ya ule wa juu. Akampiga Holdstock wa Afrika Kusini, akampiga Franks wa Uingereza, na kwenye fainali akamshinda Sverre Sørsdal wa Norwei. Miaka minne baadaye, Paris, alipanda uzito wa juu na akatolewa pambano la kwanza tu na Mwingereza Arthur Clifton. Watu wakisimulia maisha ya Eagan huparuka hapa wakakimbilia dhahabu ya pili. Mimi napenda kupasimulia. Bingwa wa Olimpiki alirudi akapoteza siku ya kwanza, na hakuna mahali aliposingizia majaji. Aliendelea na ngumi za ridhaa kwa mapenzi yake. Alizunguka dunia na rafiki yake wa Oxford, Marquess wa Clydesdale, wakipigana na mabingwa wa ridhaa wa kila nchi waliyofika. (Clydesdale huyo ndiye baadaye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuruka kwa ndege juu ya mlima Everest, mwaka 1933.) Fedha haikuwa shida. Mwaka 1927 alimwoa Margaret Colgate, wa ukoo wa kiwanda cha sabuni.

Sasa barafu. Bobsledi ni kigari cha chuma kisicho na injini, kinachoserereka kwenye mfereji wa barafu kutoka juu ya mlima hadi chini. Kile cha watu wanne hubeba dereva mbele, mshika breki nyuma, na wawili katikati ambao kazi yao kubwa ni kusukuma wakati wa kuanza, kuinama wote kwa pamoja kwenye kona, na kutoachia. Mwaka 1932 Olimpiki za baridi zilifanyika Lake Placid, jimbo la New York. Jay O'Brien, aliyesimamia mchezo huo upande wa Marekani, alihitaji mtu wa katikati, akamwita Eagan. Eagan hakuwa mtu wa mchezo huo. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Itazame timu yenyewe. Dereva alikuwa Billy Fiske, kijana wa miaka 20 ambaye tayari alikuwa na dhahabu aliyoishinda mwaka 1928 akiwa na miaka 16. Kwenye breki alikaa O'Brien mwenyewe, anayekaribia miaka 49. Katikati walikuwa Clifford Gray na bondia wetu. Hali ya hewa ilichafuka, barafu ikalainika, mashindano yakaahirishwa hadi sherehe za kufunga zikapita, ndipo watu hawa wakashuka mlimani tarehe 14 na 15 Februari. Mara nne, jumla ya dakika 7 na sekunde 53.68. Timu ya pili, ya Wamarekani wenzao, ilikuwa nyuma kwa sekunde mbili hivi. Eagan alieleza baadaye kwamba safari moja ilichukua kama dakika mbili lakini kwake ilikuwa kama haina mwisho. Ardhi nyeupe ilipita machoni kama picha ya sinema iliyotikisika, mikono ilikufa ganzi huku imeng'ang'ania mikanda, na kichwa kilirushwa nyuma kwenye kona.

Hapo utasikia wabishi wakisema dhahabu ile ilikuwa rahisi. Wana haki kiasi. Mataifa yaliyoleta vigari vya watu wanne mwaka ule yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na abiria wa katikati hahitaji miaka kumi ya mafunzo kama bondia. Nakubali. Ila kuna jambo dogo ambalo mtu wa ngumi huliona haraka. Bondia amezoea kuamua kila kitu mwenyewe, hata kupumua. Kwenye kigari kile Eagan alikaa nyuma ya kijana wa miaka 20, akamwachia maisha yake, na akafanya anachoambiwa. Mabingwa wa mchezo wa mtu mmoja wanaoweza hivyo ni wachache. Nimewaona wengi wakishindwa hata kukaa kwenye kamati ya watu watano.

Alifanya kazi ya sheria, na kwa miaka mitano alikuwa msaidizi wa mwanasheria wa serikali kuu upande wa kusini mwa New York. Vita Kuu ya Pili ikamrudisha jeshini, safari hii kwenye usafirishaji wa anga, akafika cheo cha luteni kanali. Mwaka 1945 akakalia kile kiti.

Kamisheni ya Michezo ya Jimbo la New York ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1920, ile iliyohalalisha ngumi za kulipwa jimboni humo, na ilikuwa na nguvu kuliko chombo chochote cha ngumi duniani wakati huo, kwa sababu moja rahisi: ukumbi wa Madison Square Garden ulikuwa chini yake. Kamisheni ilitoa leseni na kunyang'anya leseni. Bondia, meneja, promota, mwamuzi, jaji, hata mtu wa kona mwenye ndoo na taulo, wote walihitaji karatasi yake. Na nyuma ya ukumbi walikuwepo wahalifu waliomiliki mabondia bila majina yao kuonekana kwenye mkataba wowote. Mkubwa wao aliitwa Frankie Carbo. Huko ndiko alikopelekwa mtu aliyejifunza ngumi kutoka kwenye vitabu vya kijana asiyeiba pointi.

Mambo mawili ya mwaka 1947 yanatosha kukuonyesha kazi ilivyokuwa. La kwanza ni la Rocky Graziano, kipenzi cha watu wa New York. Mwishoni mwa mwaka 1946 alikuwa apigane na Reuben Shank, akajitoa akidai ameumia mgongo. Waendesha mashtaka wa Manhattan walipomhoji, alikiri kwamba aliwahi kuahidiwa dola 100,000 auze pambano hilo, yaani ashindwe kwa makusudi. Hakuchukua hata senti, na pambano lenyewe halikufanyika. Lakini kanuni ilimtaka bondia akiahidiwa rushwa aripoti, naye hakuripoti. Februari 1947 kamisheni ya Eagan ikamfutia leseni. Mashabiki walichukia sana. Julai mwaka huohuo Graziano alikwenda Chicago, nje ya mamlaka ya New York, akamwangusha Tony Zale na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Kwa hiyo bingwa wa dunia, mtoto wa New York, hakuruhusiwa kupigana New York.

La pili ni la Novemba 14, 1947, palepale Garden. Jake LaMotta, mtu ambaye hakuwa ameangushwa na yeyote, alisimama kwenye kamba akipigwa na Billy Fox hadi mwamuzi akasimamisha raundi ya nne. Kila aliyekuwa ukumbini aliona. Dau la kamari lilikuwa limegeuka ghafla kabla ya pambano. Kamisheni ikazuia malipo, ikaita mashahidi. LaMotta akasema aliumia bandama mazoezini na akaficha. Madaktari walikuwepo, vyeti vilikuwepo. Mwisho wa yote alitozwa faini ya dola 1,000 na kufungiwa miezi saba, kwa kosa la kuficha jeraha.

Weka kesi hizo mbili pamoja. Aliyesema ukweli kwa waendesha mashtaka alipoteza leseni. Aliyedanganya alifungiwa miezi saba, akarudi, na Juni 1949 akawa bingwa wa dunia kwa kumshinda Marcel Cerdan. Mwaka 1960, mbele ya kamati ya Seneti, LaMotta alikiri kwa mdomo wake kwamba aliuza lile pambano la Fox ili apewe nafasi ya ubingwa, na kwamba hata baada ya hapo alitoa dola 20,000 ili nafasi hiyo ipatikane. Eagan alikuwa bado hai siku hiyo, na alikuwa ameondoka ofisini miaka tisa.

Wapo wanaomlaumu kwamba alikuwa mpole mno, kijana wa vyuo vikubwa asiyejua mitaa. Mimi sioni hivyo, au sioni hivyo tu. Eagan alikuwa mwanasheria. Alijua tofauti ya kile ambacho macho yameona na kile ambacho ushahidi umethibitisha. Kwa Graziano alikuwa na ungamo, kanuni iliyoandikwa, na kosa wazi. Kwa LaMotta alikuwa na macho ya maelfu ya watu na cheti cha bandama. Angemfuta LaMotta kwa hisia, mahakama ingemrudisha. Palipompwaya ni kwingine. Aliamini kwamba mwanamichezo akiulizwa na mwenzake wa ulingoni atasema kweli, na chombo chake kilijengwa kumngoja mtu aseme. Hakikuwa na nguvu ya kufuata fedha. Mwaka 1949 ikaundwa kampuni ya Klabu ya Kimataifa ya Ngumi, iliyoshika kumbi na mabingwa kwa wakati mmoja. Eagan alikuwepo kitini ikikua. Kilichoivunja ni Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1959, kwa sheria ya kuzuia ukiritimba, na kilichomfunga Carbo miaka 25 mwaka 1961 ni mashtaka ya serikali kuu. Kamisheni ya jimbo haikuweza lolote kati ya hayo.

Kuhusu Graziano nina sababu ya kuisikia kesi yake mwilini. Miaka mingi iliyopita, saa moja kabla ya kupanda ulingoni kuchezesha, mtu mmoja alinishika bega kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo. Alikuwa na glovu mpya mkononi, akaniambia kijana wa kona nyekundu ana watu wanaomjali, na kwamba watu hao ni wakarimu. Niliutoa mkono wake begani, nikaingia ndani, nikachezesha pambano kama lilivyokuwa. Nilijiona msafi. Sikuandika ripoti. Msimu uliofuata mtu yuleyule alimshika mwamuzi mwingine, mdogo kuliko mimi, na yule hakuutoa mkono. Hadi leo najua kwamba kanuni iliyomfuta Graziano, iliyoonekana ya kikatili, ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Miaka ya Eagan ilikuwa na vifo pia. Laverne Roach alikufa Februari 1950 baada ya pambano la New York, na Georgie Flores alikufa Septemba 1951, siku chache baada ya kuangushwa Garden. Mwaka huohuo wa 1951 Eagan akaondoka kitini, nafasi yake ikachukuliwa na Robert Christenberry. Rais Eisenhower alimpa baadaye, mwaka 1956, kazi ya kuongoza kamati ya michezo katika mpango wa kuwakutanisha watu wa mataifa mbalimbali, kazi iliyomfaa zaidi, maana ndiyo aliyokuwa akiifanya na Clydesdale miaka ya ishirini. Alifariki New York Juni 1967, akiwa na miaka 70.

Turudi kwenye chama chenu. Wanaosema bondia wa zamani hafai kuongoza hawana historia upande wao. Jacques Rogge aliendesha mashua kwenye Olimpiki tatu, akachezea Ubelgiji raga, akawa daktari wa upasuaji, kisha akaongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 2001 hadi 2013. Lakini wanaosema medali zinatosha nao wamtazame Jim Thorpe, pengine mwanamichezo aliyejaliwa vipaji vingi kuliko wote: dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912, besiboli ya kulipwa, mpira wa miguu wa Kimarekani. Mwaka 1920 walimfanya rais wa kwanza wa ligi ambayo leo ni NFL, ligi kuu ya mpira huo wa Kimarekani, kwa sababu jina lake lilileta watu. Mwaka uliofuata wakaweka mtu mwingine wa kushughulikia makaratasi. Na Avery Brundage alishindana na Thorpe huyohuyo Stockholm, akawa rais wa Olimpiki kwa miaka ishirini, na muda wote huo jina la Thorpe, lililofutwa kwa kuwa aliwahi kulipwa kwenye besiboli, halikurudishwa kwenye orodha ya washindi. Lilianza kurudishwa mwaka 1982, Brundage akiwa ameshafariki.

Kwa hiyo msiulize mgombea wenu alipiga wangapi. Muulizeni mambo matatu ambayo Eagan angeulizwa leo. Je, chama kitakuwa na haki ya kuona mikataba ya mameneja, au kitangoja bondia aje kulalamika? Anayekuja kuripoti rushwa atalindwa vipi, ili asiishie kama Graziano wakati mwongo anarudi baada ya miezi saba? Na daktari wa kando ya ulingo atalipwa na nani, chama au promota? Kama bondia wenu wa zamani ana majibu, mpeni kiti, maana atakuwa na kitu ambacho karani hana: akimwona kijana anarudi kona macho yamelegea, hatahitaji kuelezwa. Kama hana, mpeni heshima zake na mtafute mwingine.

Kuhusu stempu: ni moja kati ya tano zilizotolewa pamoja mwaka 1990 kwa heshima ya Wanaolimpiki wa Marekani. Wenzake ni Jesse Owens, Ray Ewry, Hazel Wightman na Helene Madison. Angalia kurasa za jirani kwenye albamu ya babu. Waliokuwa wakikusanya stempu mara nyingi walizinunua zote tano zikiwa bado zimeshikana, kisha wakazitenganisha, na huenda Owens amejificha mahali.